Posho ya makazi isiishe kabla ya nyumba: mwongozo kwa familia zinazohamishwa Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inahamia Dodoma, ardhi ya hapa haijatulia. Mji wa Serikali umeinuka Mtumba, uwanja wa ndege umepewa Msalato, reli ya kisasa imepita, na barabara ya mzunguko yenye kilomita 112.3 imechorwa kutoka Nala, ikapitia Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa na Matumbulu hadi kurudi Nala. Kila mradi una familia zilizofunga virago. Nyingi zililipwa fidia, na ndani ya fidia hiyo mlikuwa na fungu ambalo wengi hawakulitenga wala kulijua kwa jina: posho ya makazi.

Fungu hili ni kodi ya nyumba ya muda. Limewekwa kwa ajili ya kile kipindi ambacho nyumba ya zamani imeshavunjwa na mpya haijasimama. Mitaani kwetu mambo huenda hivi: fedha zote zinaingia kwa mkupuo, familia inalipa kodi ya mwaka, inanunua kiwanja, inachimba msingi wa nyumba kubwa, kuta zinafika kwenye lenta. Mwaka wa pili mwenye nyumba anataka kodi yake, na fedha ya kodi imeshakuwa tofali. Watoto wanagawanywa kwa ndugu, mama anarudi kijijini, baba analala kwenye boma lisilo na bati ili saruji isiibwe. Familia hiyo haikutapanya chochote. Ilijenga kwa fedha ya kodi bila kujua, kwa sababu mafungu yote yalikaa mahali pamoja.

Hatua zinazofuata zinalenga jambo moja: kodi ya nyumba ya muda idumu mpaka siku mnayolala ndani ya nyumba yenu wenyewe.

Hatua ya kwanza: jua fungu lako ni kiasi gani, kisha hesabu miezi yako ya kweli

Kanuni za kukadiria fidia ya ardhi za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, zinataja vitu vinavyounda fidia. Kuna thamani ya ardhi, thamani ya maendelezo yaliyomo kama nyumba, miti na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na faida iliyopotea kwa aliyekuwa na biashara pale. Posho ya usafiri hukadiriwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Posho ya makazi hupatikana kwa kuchukua kodi ya soko ya nyumba yako kwa mwezi na kuizidisha mara 36.

Watu wakisikia 36 wanadhani wamepewa miaka mitatu ya kupanga. Sivyo. Kodi inayozidishwa ni ya nyumba unayoiacha, wala si ya ile unayokwenda kupanga. Tuseme nyumba yako ya Nala, vyumba vitatu vya tofali na bati, mthamini ameona ingepangishwa kwa Sh 50,000 kwa mwezi. Posho yako ni Sh 1,800,000. Ukihamia mjini na kupanga kwa Sh 100,000, fedha ile ile ni miezi 18. Ukipanga kwa Sh 150,000, ni miezi 12. Toa na kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali huchukua, na gharama ya kuhama mara ya pili mtakapokwenda kwenye nyumba yenu.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, chukua karatasi. Andika posho yako ya makazi, gawanya kwa kodi halisi ya nyumba unayotaka kupanga, toa mwezi mmoja wa dalali. Namba inayobaki ndiyo miezi yako ya kweli. Iandike mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumbani ataiona. Kila uamuzi utakaofuata, kuanzia ukubwa wa nyumba hadi umbali wa kiwanja, upimwe kwa namba hiyo.

Kama karatasi uliyopewa inaonyesha jumla tu bila mchanganuo, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri au kwa wasimamizi wa mradi uombe mchanganuo wa kila fungu. Ni haki yako kujua jumla hiyo imetokana na nini. Bila mchanganuo huwezi kutenga, na usipotenga yatakukuta yale niliyoyaeleza juu.

Hatua ya pili: usiipoteze posho kabla hata hujalipwa

Hapa ndipo pana mitego mingi, na wengi hukamatwa bila kujua.

Mtego wa kwanza ni kuhama mapema. Kanuni zile zile za 2001 zinasema posho ya makazi, ya usafiri na faida iliyopotea hazilipwi kwa ardhi ambayo haikuwa na mkaaji siku haki ilipotwaliwa. Mtu anasikia mradi unakuja, anapata hofu, anahamia kwa shemeji yake Chamwino na kuiacha nyumba tupu. Wathamini wanapofika wanakuta mlango umefungwa na majani uani. Nyumba italipwa, lakini posho ya makazi inaingia mashakani. Kaa kwenye nyumba yako mpaka uthamini ufanyike na ulipwe. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, pamoja na mwenzi wako, na wawepo mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Piga picha za ndani na nje, vyombo vikionekana, kitanda kikionekana, jiko likionekana. Soma fomu kabla ya kutia saini. Kama kuna kosa la jina, idadi ya vyumba au ya miti, liseme palepale na uombe liandikwe.

Jina lilingane na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki, herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Mazengo kwenye fomu na Mazengo Chilewa kwenye benki anaweza kusubiri wiki nyingi fedha ikizunguka, huku wenzake wameshapata nyumba za kupanga na kodi zimeshapanda.

Mtego wa pili ni mirathi. Nyumba nyingi za pembezoni mwa jiji bado ziko kwa jina la babu au baba aliyefariki zamani. Fidia ya nyumba hiyo haiwezi kutoka mpaka awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Msisubiri tangazo la malipo. Siku mnapopata habari za mradi, kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mchague msimamizi, mpeleke maombi mahakamani. Tena katika muhtasari huo andikeni jambo ambalo karibu kila ukoo hulisahau: posho ya makazi iende kwa wale waliokuwa wakiishi ndani ya nyumba hiyo. Nyumba ni ya urithi, itagawanywa kwa taratibu zenu. Lakini anayelala nje kesho ni mjane na watoto waliokuwa mle ndani. Kaka aliyeko Mwanza kwenye nyumba yake hana kodi ya kulipa kwa sababu ya mradi huu. Mkilikubali hilo mapema, mkiwa watulivu, mnamwokoa mtu. Mkilijadili siku fedha imeingia, mtagombana.

Mtego wa tatu ni mikopo. Kati ya uthamini na malipo panaweza kupita miezi, na ndipo wakopeshaji wa kausha damu wanapojua mtaa gani unasubiri fidia. Wanajua hata kiasi. Mtu anakopa Sh 500,000 ya ada na msiba, na fidia inapotoka robo yake imeshakuwa ya wengine. Ukibanwa, nenda kwenye SACCOS yenye leseni au kikundi chako cha hisa mnachofahamiana, na ukope kwa kiasi utakachoweza kulipa kwa kipato chako cha kawaida, bila kuitegemea fidia hata shilingi moja.

Kuhusu ucheleweshaji wenyewe: Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ikipita hapo, inaongezeka riba. Uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili, baada ya hapo unatakiwa kufanywa upya. Kwa hiyo andika tarehe zote. Tarehe ya uthamini, tarehe uliyosaini, tarehe uliyoambiwa jedwali la fidia limeidhinishwa. Bila tarehe, madai ya riba ni maneno matupu.

Na wewe uliyekuwa mpangaji kwenye nyumba inayovunjwa: chini ya sheria zetu posho ya makazi humfuata mwenye haki katika ardhi, na mara nyingi mpangaji hutoka mikono mitupu. Lakini miradi inayogharamiwa na wakopeshaji kama Benki ya Maendeleo ya Afrika au Benki ya Dunia ina sera zake za kuhamisha watu, na wapangaji hutazamwa ndani ya sera hizo. Jiandikishe siku ya sensa ya mradi. Usijifiche ukidhani huhusiki.

Hatua ya tatu: siku fedha inaingia, itenge kabla ya kuigusa

Fungua akaunti ya pili kabla ya malipo. Siku fedha inapoingia, safari ya kwanza iwe benki, na kazi ya kwanza iwe kuhamisha posho ya makazi yote kwenda kwenye akaunti hiyo ya pili. Usianze na nauli, wala na pikipiki, wala na ahadi uliyompa mjomba. Akaunti hiyo iwe ya pamoja, mume na mke, kwa saini mbili. Kwa mjane, iwe yake pamoja na mtoto mkubwa au ndugu ambaye mahakama na ukoo wamemkubali.

Nasisitiza saini mbili kwa sababu nimekaa na akina mama waliojifunza habari za fidia wakati imeshakwisha. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba inapogeuka kuwa fedha, ridhaa ile ihamie kwenye akaunti. Baba mwenye nia njema hapotezi chochote kwa kumweka mkewe kwenye saini, na anapata sababu nzuri ya kumjibu kila anayekuja kukopa: "Mpaka mama atie saini."

Sasa igawanye posho kwa tarehe za kodi. Kama mwenye nyumba anapokea kwa miezi sita, gawanya mafungu ya miezi sita sita. Fungu la kwanza linalipwa leo. Yanayobaki yawekwe mahali ambapo mkono haufiki upesi. Kama kiasi kinatosha, benki inaweza kukuwekea amana ya muda maalumu inayokomaa wiki mbili kabla ya tarehe ya kodi. Kama ni kidogo, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hutoa fedha ndani ya siku chache za kazi, na huo ucheleweshaji mdogo ndio ulinzi wenyewe, kwa sababu hasira za leo au msiba wa leo haviwezi kuichukua usiku huu. Usiipeleke kwenye VICOBA. Kikundi ni kizuri kwa mambo mengine, lakini fedha ya pale inazunguka mikononi mwa wanachama, na tarehe ya mwenye nyumba haisubiri siku ya kuvunja kikundi.

Biashara nayo isubiri. Kila anayelipwa fidia hushauriwa na mtu anunue bodaboda au afungue duka ili "fedha izae". Ikizaa, heri. Ila mtaji utoke kwenye fidia ya mazao, kwenye posho ya usumbufu, au kwenye faida iliyopotea. Kodi ya watoto haiwekwi barabarani.

Hatua ya nne: panga nyumba kama mtu anayejua atahama

Panga karibu na kiwanja chako, hata kama mtaa huo hauna sifa. Anayejenga Mkonze huku amepanga Nzuguni atalipa nauli kila siku kwenda kumwangalia fundi, na siku asiyoenda mfuko wa saruji unapungua. Kodi za pembezoni pia ni nafuu, kwa hiyo miezi yako ya kweli inarefuka.

Chukua vyumba vichache kuliko ulivyozoea. Familia ya watu sita iliyokuwa na vyumba vitatu inaweza kuvumilia viwili kwa mwaka mmoja na nusu, vitu vya ziada vikihifadhiwa kwa ndugu. Najua si rahisi, hasa kwa wenye vijana wakubwa wa kike na wa kiume. Lakini ukiacha vyumba vitatu vya Sh 120,000 ukachukua vyumba viwili vya Sh 70,000, unaokoa Sh 50,000 kila mwezi, na miezi 12 ya hivyo ni Sh 600,000.

Mkataba uwe wa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, na uwe na mambo haya: kodi haitapanda kwa miezi 12; malipo ni kwa miezi sita; baada ya mwaka unaweza kuendelea kwa mwezi mmoja mmoja; taarifa ya kuondoka au kuondolewa ni siku ngapi; umeme na maji vinalipwaje; fedha ya tahadhari, kama ipo, inarudishwa lini. Hilo la mwezi mmoja mmoja ni muhimu kuliko yote. Familia nyingi zinamaliza nyumba katikati ya mwaka na kupoteza kodi waliyokwisha kuitoa mbele, au kinyume chake, zinakosa miezi miwili tu ya kumalizia na mwenye nyumba anadai sita. Mweleze mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba mnajenga. Wengi wanaelewa, na ambaye haelewi ni heri umjue kabla hujalipa.

Usilipe kodi mkononi bila risiti au ujumbe wa simu. Lipa kwa benki au kwa mtandao wa simu ili kumbukumbu ibaki.

Watoto wahamishwe shule mapema kwa barua ya uhamisho, na kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF, mjulisheni mtendaji kabla ya kuhama ili msipotee kwenye orodha ya mtaa wa zamani.

Hatua ya tano: kiwanja kisichokuhamisha tena

Hapa nitasema kwa ufupi, maana kila mtu anajua matapeli wapo. Usinunue bila upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamishiwa kwenye halmashauri, na bado kuna watu wenye karatasi za zamani juu ya viwanja vilivyokwisha kugawiwa wengine. Karatasi nzuri mkononi mwa muuzaji haitoshi. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu ofisini, hakikisha jina, kisha nenda shambani ukaone mawe ya mipaka kwa macho yako.

Angalia barabara na maji. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kiwanja cha bei ya chini ajabu kando ya korongo au lami mara nyingi kimo ndani ya moja ya hizo, na ukihamishwa tena pale hutalipwa chochote.

Kwa wanaorudi kwenye ardhi ya kijiji, Chamwino au Bahi au Chemba, mpitie halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, mkapate hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina ya wote wawili. Kikubwa ni hiki: fedha ya kiwanja itoke kwenye fidia ya ardhi. Kama haitoshi, tafuta kiwanja kidogo au cha mbali zaidi. Kuichomoa kwenye posho ya makazi ni kununua kiwanja huku mnajitoa wenyewe kwenye nyumba ya kupanga.

Hatua ya sita: anza na banda la uani

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo watu wanalikataa kwa sababu ya heshima. Aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne anataka majirani wapya waone nyumba ya vyumba vinne. Anachimba msingi wa vyumba vinne, fedha inaishia kwenye kozi ya tisa, na kinachobaki ni boma.

Chora nyumba nzima, omba kibali cha ujenzi cha nyumba nzima, lakini jenga kwanza kipande kinachokaliwa. Dodoma wengi huanza na banda la uani: vyumba viwili na kibaraza, vitakavyokuwa jiko na chumba cha wageni siku nyumba kubwa ikikamilika. Wengine hujenga vyumba viwili vya nyuma vya nyumba yenyewe na kuacha nondo zimechomoza upande wa mbele. Njia yoyote, lengo ni kufikia hali ya kukalika ndani ya nusu ya miezi yako ya kweli.

Hali ya kukalika ni hii: kuta, bati lililofungwa vizuri, sakafu ya zege, mlango wenye kitasa, madirisha yenye nondo hata kama vioo havijawekwa, choo kinachotumika, na chombo cha kuhifadhia maji. Basi. Plasta ya nje, rangi, vigae, dari na hata umeme vinaweza kuja mkiwa mmeshahamia. Maji yatatoka DUWASA mtakapoweza, kwa sasa simtanki au madumu yanatosha.

Panga ujenzi kwa majira yetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida. Miezi ya Mei hadi Novemba ni ya kujenga: barabara za mitaani zinapitika kwa lori, mchanga unapatikana, tofali zinakauka. Ukilipwa fidia Juni una miezi ya kutosha kupaua kabla ya mvua. Ukilipwa Desemba, usikimbilie msingi kwenye tope. Tumia miezi ya mvua kufanya upekuzi, kupata kibali na kukubaliana na fundi. Na kwenye kupaua, usibane mbao wala misumari ya bati. Upepo wa Julai na Agosti hapa unaujua, na bati lililong'oka ni kodi ya miezi mitatu iliyopotea.

Fundi alipwe kwa hatua na kwa maandishi: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, sakafu. Kila hatua ikikamilika ndipo analipwa ya hatua hiyo. Vifaa nunua mwenyewe na uhifadhi risiti. Fundi mzuri hukubali utaratibu huu bila kununa.

Hatua ya saba: kipimo cha katikati

Siku mnapofikia nusu ya miezi yenu ya kweli, kaeni chini familia nzima mjibu swali moja: je, bati limewekwa? Kama ndiyo, endeleeni. Kama hapana, kitu kibadilike siku hiyo hiyo, msisubiri mwezi wa mwisho.

Kuna njia tatu, na naziweka kwa mpangilio ninaoupenda. Kwanza, punguzeni ujenzi: vyumba vinne viwe viwili, boma kubwa lisimame, fedha yote iende kupaua kipande kimoja. Pili, punguzeni kodi kwa kuhamia mtaa wa bei nafuu au chumba kimoja kwa miezi iliyobaki. Tatu, ongezeni kipato kwa muda kwa kazi za vibarua, kwa kuuza mbuzi au kwa kukodisha shamba la mbali. Kuuza kiwanja ili mpate kodi msifanye. Mtakuwa mmelipa kodi ya miezi kadhaa kwa kupoteza nyumba ya maisha.

Kama mmekwama kwa sababu fidia ililipwa pungufu, au mchanganuo unaonyesha posho ya makazi haimo, msikae kimya. Andikeni barua kwa halmashauri na kwa mradi, muhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Miradi mikubwa ina dawati la malalamiko, litumieni kwanza maana halina gharama. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa hapa Dodoma mwaka 2023, imeshughulika sana na migogoro ya ardhi. Kliniki za ardhi, yaani siku ambazo maofisa wa ardhi husikiliza migogoro ya wananchi, zinapotangazwa, nendeni na faili kamili: fomu za uthamini, picha, mchanganuo, tarehe. Mwenye faili husikilizwa haraka kuliko mwenye hadithi. Na pale familia inapokuwa na mgonjwa, mlemavu au watoto wasio na wazazi, afisa ustawi wa jamii wa kata ajulishwe kabla kodi haijaisha.

Kama mradi wenu unatoa hiari ya nyumba mbadala badala ya fedha, kama bomba la mafuta ghafi linalopita Kondoa na Chemba lilivyofanya kwa waliopoteza nyumba, lipimeni jambo hilo kwa uzito. Kwa mjane, mzee, au familia ambayo ugomvi wa fedha unaijua, nyumba iliyokamilika ni salama kuliko mkupuo. Sharti liwe moja, na liandikwe: mnatoka kwenye nyumba ya zamani siku mnapokabidhiwa funguo za mpya, ili msiingie kabisa kwenye kupanga.

Hatua ya nane: kuachia nyumba ya kupanga

Msirudishe funguo kwa mwenye nyumba mpaka mmelala kwenye nyumba yenu angalau wiki mbili. Katika wiki hizo mtajua kama bati linavuja, kama choo kinafanya kazi, kama njia ya shule ni salama kwa watoto. Kodi ya nusu mwezi ni ndogo kuliko kurudi kutafuta nyumba nyingine na kulipa dalali upya.

Kisha kagueni nyumba pamoja na mwenye nyumba, lipeni maji na umeme mliotumia, mchukue fedha ya tahadhari, muandikishane kwamba hakuna anayedai. Kinachobaki kwenye akaunti ya posho ya makazi, hata kama ni Sh 200,000, kiendeleeni nacho kwenye nyumba: madirisha kwanza, halafu plasta ya ndani ya chumba cha watoto, halafu maombi ya maji na umeme. Akaunti ya saini mbili msiifunge, maana vyumba vilivyobaki vitajengwa kutokana nayo.